Mwalimu mgeni Unguja na Pemba: anza na sahani

Mwalimu anayekuja Zanzibar kusomesha, awe ametoka Nairobi, Kampala au Manchester, mara nyingi hufika karatasi zake zimetimia: kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, barua ya skuli, ratiba ya vipindi. Kinachowashinda wengi ni saa kumi ya jioni. Vipindi vimekwisha, walimu wenzake wamerudi makwao, naye amekaa chumbani na simu. Haupiti muda anaanza kukimbilia pwani kila Jumamosi kutafuta wageni wenzake, na akifika hapo basi tena. Atamaliza mkataba anaijua Nungwi na Paje kuliko mtaa anaolala.

Njia ya karibu ya kuingia kwa watu hapa ni chakula, na chakula kina utaratibu wake: unakula wapi, saa ngapi, na nani, na baadaye unarudisha nini. Mengi yaliyomo humu yanamhusu mwalimu asiye Muislamu ambaye hakukulia pwani, kwa sababu huyo ndiye anayekwama zaidi. Lakini hata wa kutoka Mombasa au Tanga atakuta mawili matatu yasiyo ya kwao.

Kabla ya chakula, sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa eneo dogo linaloitwa shehia. Wiki ya kwanza nenda kwa sheha wa shehia unayokaa, ukiwa na mwalimu mwenzako, barua ya skuli na kitambulisho. Sheha anatakiwa kujua nani anaishi kwenye eneo lake, kwa hiyo unatimiza wajibu. Lakini faida yenyewe ni kwamba kuanzia jioni ile mtaa unajua wewe ni mwalimu wa skuli gani. Mgeni asiyejulikana huulizwa maswali. Mwalimu huamkiwa. Watoto watakuita mwalimu au maalim, na mama wa jirani ataanza kukuangalia kama umekula.

Salamu usizikate. Mtu mzima ni shikamoo. Kundi la barazani ni assalaam alaykum au habari za jioni. Na baraza haipitwi kimya, hata ukiwa na haraka. Ukishaitikiwa utaulizwa hali, nyumbani, kazi, watoto. Jibu kila moja, kisha uulize na wewe. Anayetoa shida yake kabla salamu hazijesha atasaidiwa, ila watu watakuwa wameshamuweka fungu lake.

Chai ya mapumziko

Baadhi ya skuli za Serikali zina mikondo miwili, asubuhi na jioni, na kila mkondo una mapumziko yake mafupi. Hapo ndipo urafiki wa kazini unapopikwa. Katika ofisi nyingi za walimu chai huwa ya mchango: mmoja anakusanya pesa, mmoja anashughulikia vitafunio. Siku ya kwanza uliza nani anakusanya, umpe ya mwezi mzima. Usisubiri uombwe, kwa sababu mgeni haombwi. Utakunywa bure mwezi mzima huku ukihesabiwa kama mgeni vilevile.

Mezani utakuta maandazi, boflo, chapati, muhogo wa kuchemsha au mbatata, na chai ya rangi yenye mdalasini au mchaichai. Sukari hutiwa humo humo ndani ya birika, tena si haba, kwa hiyo mwenye kisukari au asiyependa tamu aseme kabla chai haijapikwa. Kinachowaudhi wenzio kuliko yote ni kula peke yako kwenye dawati lako, huku unasahihisha madaftari. Kama una masharti ya chakula na umekuja na chako, kilete mezani, kifungue, useme "karibuni". Hakuna atakayekimaliza. Watakionja, watauliza kimepikwaje, na mazungumzo yatakuwa yameanza.

Nje ya uzio kuna mama wanaouza bajia, muhogo wa kukaanga, achari ya embe, ubuyu na malai. Nunua, lakini ule umekaa. Mtu mzima kula huku anatembea njiani haipendezi, na mwalimu ndiye kabisa.

Jambo jengine linalowakwaza walimu wageni ni masomo ya ziada ya jioni. Watoto wengi wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Ukiwawekea kipindi saa hizo bila kuuliza, mzazi hatakuja kukugombeza. Mtoto tu hataonekana. Ulizia kwanza saa za chuo cha mtaa huo.

"Karibu tule"

Ukipita mahali watu wanakula utakaribishwa, hata kama hawakujui. Jibu la kawaida ni "ahsanteni, bismillahi" au "nshakula, ahsante", halafu unaendelea na safari. Hapo hakuna aliyekosea. Ukikaribishwa mara ya pili, mtu akasogea kukupa nafasi, hiyo si adabu tu, wanakutaka ukae. Mara ya tatu ukikataa unawavunja moyo. Kaa, onja matonge mawili matatu, ushukuru.

Chakula cha mchana cha wageni huja kwenye sinia moja, watu wanne hadi sita, chini kwenye mkeka au jamvi. Kabla ya kula huja mtu na birika na beseni akumiminie maji ya kunawa. Kula kwa mkono wa kulia. Kula mbele yako, kwenye pembe yako, usivuke katikati kufuata kipande cha nyama. Mwenyeji mwenyewe atakisukuma upande wako, na ukikirudisha atakisukuma tena. Wali unafinyangwa kwa ncha za vidole, kiganja kinabaki kikavu. Ukishindwa omba kijiko, kitaletwa bila maneno. Usiinuke wa kwanza ukiona wenzio bado wana njaa, maana mgeni akinawa, wenyeji nao huona haya kuendelea. Punguza mwendo tu, finyanga tonge ndogo ndogo.

Nyumba nyingi wanaume hula kwao na wanawake kwao. Hili linabadilisha kabisa njia ya urafiki. Mwalimu mwanamke ana mlango mpana zaidi: baada ya alasiri anaweza kupita kwa jirani, akakaa jikoni, akakuna nazi, na siku ya harusi akaitwa kusaidia kumenya vitunguu. Wenzake wa skuli wakiwa na upatu (kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu), aingie, mradi ana uhakika atakuwepo mpaka zamu ya mwisho. Mwalimu mwanamme haingii jikoni kwa watu. Yeye njia yake ni baraza: kahawa chungu ya dele (birika la kahawa), kashata, bao, karata, dhumna, mpira. Mjini Unguja kituo maarufu cha kahawa ni Joz Kona, ndani ya Mji Mkongwe. Lakini baraza ya mtaa wako, yenye watu wale wale kila jioni, itakufaa zaidi. Forodhani, bustani ya ufukweni ya Mji Mkongwe panapouzwa chakula usiku, vilevile ni pazuri kutembea na mgeni wako usiku, ila rafiki wa kudumu humpati pale. Wanaokula ni wapita njia kama wewe.

Urojo, na kwa nini uwe na mama mmoja

Kila mtaa una mama wa urojo, na kila mtu ana wake anayeapa kwamba hakuna kama huyo. Chagua mmoja, uende saa zile zile, ukae kwenye benchi lake. Baada ya muda mfupi atakuwa anajua kiasi chako cha pilipili, na waliokaa benchini watakuwa wanajua jina lako.

Kwa asiyeujua, urojo ni mchuzi mwepesi wa manjano, mchachu, unaomiminwa juu ya vitu: mbatata za kuchemsha, kachori, bajia, mishkaki, yai ukitaka, halafu juu yake chatine ya nazi, pilipili na muhogo mkavu uliokaangwa. Ukitaka kuupika nyumbani, kwa lita moja na nusu ya maji tumia nusu kikombe cha unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha manjano, chumvi, embe mbichi moja au mbili zilizokatwa vipande, na ndimu. Unga koroga pembeni kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge, ndipo uumimine kwenye maji yenye embe yanayochemka. Pika dakika kumi na tano hadi ishirini, mkono usitoke kwenye mwiko. Ukiharakisha utabaki na ladha ya unga mbichi ambayo ndimu haiwezi kuificha. Ndimu yenyewe ikamuliwe mwisho, sufuria imeshateremshwa, kwani ikichemka sana uchachu wake huwa na ukali wa kuudhi. Na usiufanye mzito. Mgeni huongeza unga akidhani amekosea, kumbe urojo ukipoa unajizidishia uzito wenyewe.

Sahani ikija, irudi na kitu

Siku yoyote mtoto atabisha hodi na sahani iliyofunikwa: "Mama anakwambia karibu." Pokea kwa mikono miwili, hamisha chakula, osha sahani. Sasa usiirudishe tupu. Lakini pia usiirudishe saa ile ile na kitu kikubwa. Itaonekana unalipa deni. Siku mbili tatu zikipita, tia humo machungwa sita, mayai, vipande vya mkate, au chochote ulichopika, umpe mtoto arudishe.

Wasio Waislamu wawe waangalifu na mambo matatu hapa. Kuku wa zawadi mpeleke mzima, mwenyeji amchinje mwenyewe. Ukimpeleka ameshachinjwa unamtia mtu kwenye shaka ambayo hawezi kukueleza. Peremende laini zinazotafunika, zinazoletwa kutoka Ulaya, nyingi zina jelatini ya nguruwe, na baadhi ya chokoleti zina pombe ndani: soma karatasi kabla ya kugawa darasani. La tatu, sufuria unayopikia vyakula vyako ambavyo wao hawali, usipikie chakula cha kuwapelekea. Watu watapokea kwa tabasamu, kisha sahani itaishia kwa paka.

Kinachotatua yote haya ni kujua kupika kitu kimoja cha hapa hapa, vizuri. Napendekeza mkate wa kumimina. Hauna nyama, vitu vyake vinapatikana hata kijijini, na mgeni akiupatia habari inafika mtaa wa pili.

Kwa mkate mmoja wa kiasi: mchele nusu kilo, nazi mbili kubwa, sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki punje kumi zilizotwangwa, ute wa yai moja, mafuta kidogo ya kupaka. Mchele uwe mkavu usionatana, basmati au mapembe. Mchele mpya unaonatana ukipikwa wali ni mtamu, ila humu unatoa mkate wa kuvutika mdomoni.

Loweka mchele usiku kucha, au kwa uchache saa sita. Ubonyeze kwa ukucha: punje ivunjike bila kubisha. Zikune nazi, tia maji ya vuguvugu gilasi moja na nusu, kamua, chuja kwa kifumbu upate tui zito kama vikombe viwili vidogo vya chai, mililita 400 hivi. Tui likiwa la moto hamira itakufa, kwa hiyo lijaribu kwa kidole. Chuja mchele maji yote yatoke, utie kwenye blenda na theluthi mbili ya tui na hamira, usage dakika tano hadi nane kwa vipande, ukipumzisha blenda isiunguze mota. Chukua kidogo usugue baina ya vidole viwili. Ukisikia chenga, rudisha. Wengi wanachoka hapa, na chenga zile ndizo zinazokuja kusikika kwenye meno.

Tui lililobaki litie kidogo kidogo. Kipimo ni upawa: ukiuinua, uji uteremke mfululizo bila kukatika, na usiwe wa kumwagika mbio. Mimina kwenye bakuli kubwa, usiijaze zaidi ya nusu, funika, weka mahali pasipo upepo. Wakati wa joto la kaskazi dakika 45 zinatosha. Julai kusi inapovuma huenda ukasubiri saa moja na nusu. Angalia povu na vitundu juu, saa isikuhangaishe.

Ukiumuka, ndipo utie sukari, hiliki na ute wa yai uliopigwa kidogo, ukoroge taratibu, uuache dakika kumi na tano zaidi. Sukari inakuja mwisho kwa sababu inayeyusha uji ukawa mwepesi. Anayeitia mwanzo hupotea kipimo cha tui, na hamira nayo hufanya kazi kwa uvivu.

Paka mafuta sufuria nzito ya upana wa sentimita 20, kidogo sana, iweke jikoni ipate moto, mimina uji mpaka nusu ya kina. Moto uwe mdogo na usifunike. Vitundu vitapanda kutoka chini na kubaki wazi. Baada ya dakika kumi hadi kumi na mbili pembeni patakuwa pameshika, katikati bado pamajimaji kidogo. Sasa juu kunatakiwa moto. Wajuzi huigeuza sufuria nzima kichwa chini juu ya makaa ya seredani, umbali wa shibiri moja, na mkate haudondoki kwa vile umeshika chini. Ukipaka mafuta mengi, au ukiigeuza kabla haujashika, unadondoka motoni wote, na hapo huna la kufanya ila kucheka na walioko. Anayeanza atumie mfuniko wa bati wenye makaa juu yake, au oveni ya nyuzi 180 dakika kumi na tano hadi ishirini. Chomeka kijiti katikati, kitoke kikavu.

Makosa yanajulikana kwa kuangalia. Mkate usio na vitundu, hamira ilikuwa nzee au uji ulikuwa mzito. Uliobonyea katikati, uliumuka kupita kiasi, au ulikuwa mwepesi, au umeteremshwa mapema. Ukiwa mchachu, ulisahauliwa. Chini umeungua na juu mbichi ni moto mkubwa. Na unaonata kisuni pengine hauna kosa lolote ila umekatwa wa moto. Uache upoe saa nzima. Kata vipande vinane, vinne vitoke kwenda kwa jirani.

Samaki, mwezi na upepo

Mgeni hushangaa kwamba samaki leo tele na wiki ijayo hakuna, tena bei imepanda. Sababu zipo. Usiku wa mwezi mkubwa wavuvi wa taa hawapati dagaa wala vibua, kwa sababu mwanga wa taa haumvuti samaki bahari ikiwa nyeupe. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo havitoki nje. Pweza anapatikana sana siku za bamvu, maji yanapokupwa mbali na watu kuweza kutembea mwambani. Maji yakiwa mafu, hupungua. Kuna vijiji, kama Kisiwa Panza kusini mwa Pemba, vinavyofunga uvuvi wa pweza kwa miezi fulani ili akue, kwa hiyo usidhani umenyimwa.

Dikoni, yaani ufukweni vyombo vinaposhusha samaki, huuzwa kwa mnada, haraka, na mgeni akinyanyua mkono ovyo atajikuta na tenga zima. Tumbe kule Pemba na Malindi mjini Unguja ndiyo madiko makubwa ya kuanzia. Mara za mwanzo nenda na mwenzako, mgawane: changu wawili wako, watatu wake. Kugawana mnada ni urafiki wa aina yake, maana kesho atakupigia simu yeye.

Pweza kilo moja mbichi akishaiva atabaki kama nusu, hilo lijue kabla hujaalika watu sita. Mtie kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, tena yana chumvi ya bahari tayari. Dakika 40 hadi saa moja, mpaka kisu kiingie kwenye mguu mnene. Kama muuzaji hakumpiga vya kutosha atachukua zaidi. Kata, kisha tia tui jepesi, kitunguu, bizari, pilipili, ndimu, na tui zito mwisho kabisa, sufuria wazi, ukikoroga. Ukifunika na kuchemsha kwa nguvu tui linakatika, mchuzi unakuwa maji huku mafuta yanaelea.

Tumbo la mgeni kwa kawaida haliharibiwi na viungo. Linaharibiwa na maji yasiyochemshwa, barafu, na mchuzi wa nazi uliolala. Chakula chenye tui kwenye joto hili kinachacha upesi. Kilichopikwa mchana bila friji usikile usiku, hata kikinukia vizuri. Na asiyekula nyama aseme mapema, kwa vitu: "Sili nyama wala kuku, samaki nala", au "sili hata samaki". Atapikiwa borohoa (mchuzi mzito wa maharage au choroko), mchicha wa nazi, kunde, shelisheli, na hatapungukiwa. Akinyamaza mpaka sinia limefika, mwenyeji atakosa raha siku nzima.

Msimu wa karafuu, na siku za shida

Anayesomesha Pemba atauona msimu wa karafuu darasani kabla ya kuuona shambani: viti vinabaki vitupu. Usianze msimu huo na mada ngumu. Jioni karafuu zilizochumwa huletwa nyumbani, na watu hukaa chini kuzichambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, kabla ya kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Kazi yenyewe ni ya vidole na mdomo uko huru, kwa hiyo hadithi zote za mtaa hupita hapo. Omba kukaa. Chukua kikonyo, kisugue kwenye kiganja kwa ule mkono mwengine, karafuu zitaachia. Utakuwa mzito kuliko mtoto wa miaka minane, na watakucheka, na chai yenye tangawizi itakuja.

Mwenzako akiuguliwa, nenda kumkagua mgonjwa. Machungwa au sukari kilo moja inatosha, na ukae kidogo tu. Akifiwa, nenda kuhani siku ile ile au ya pili yake pamoja na walimu wengine, utoe mchango wako kwa anayekusanya. Mwanamme hukaa nje na wanaume, mwanamke huingia ndani akiwa amejifunga vizuri kanga au mtandio. Huna haja ya maneno mengi. Urafiki ambao chai ya ofisini haikuuleta kwa mwaka, kuhani kumoja huuleta, na kutokuonekana kwako pia hukumbukwa.

Ramadhani na Idd

Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kusaini mkataba. Mchana hakuna kula wala kunywa hadharani, migahawa mingi hufungwa, na ratiba ya skuli hubadilika. Asiyefunga atakula chumbani kwake, mlango umefungwa, bila harufu ya kukaanga kutoka dirishani. Usiwaeleze watu kwamba umefunga kama hukufunga. Watajua.

Ukialikwa kufutari fika robo saa kabla ya magharibi. Kufika adhana imeshaadhiniwa ni kuwakuta watu mdomoni. Kwanza tende na maji au uji, kisha wenyeji wanakwenda kusali. Wewe kaa, subiri, usianze kuchokora. Wakirudi ndipo zinafunguliwa kawa (vifuniko vya ukili): muhogo wa nazi, ndizi, majimbi, tambi, kaimati, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina. Zawadi nzuri ya kwenda nayo ni tende, tikiti au haluwa.

Mwezi huu sahani zinatembea mtaa mzima kila jioni kabla ya magharibi, na zinachanganyika. Nunua zako sita za bei nafuu, uzitie alama chini kwa rangi ya kucha. Wenyeji wengi hufanya hivyo hivyo. Pika mara mbili kwa wiki, kiasi cha nyumba tatu. Kila siku hutaweza, na hakuna anayekutegemea.

Sikukuu ya Idd watoto watapita wamevaa nguo mpya kuomba mkono wa Idd, na mwalimu ndiye anayepitiwa na darasa zima. Tayarisha sarafu za mia mbili na mia tano, na uzitafute wiki moja kabla, dukani au benki, kwa sababu siku mbili za mwisho chenji huadimika mjini kote. Waliokuja mara mbili wamebadilisha kofia utawajua kwa viatu.